Stesheni Wagoni ya Clem Trezise

Nilikataa kusaini. Naanzia hapo kwa sababu watu wa mji wetu wa Burrawell, huku Australia, wakisimulia habari za Clem Trezise huanzia kwenye joto la siku ile, au kwenye ukaidi wake, na mimi huniacha pembeni kwa wema wao. Lakini mambo yalianza mwezi wa Novemba, gerejini kwangu, pale mkabala na maghala ya ngano. Clem alileta gari lake kwa ukaguzi wa mwaka kama alivyofanya miaka yote. Nililala chini yake na tochi kukagua chesisi, fremu ya chuma inayolibeba, nikatoka, nikajifuta mikono, nikamwambia hapana.

"Hapana nini?"

"Sisaini. Chesisi imeoza, Clem. Nimeichoma na bisibisi, imezama mpaka mpini."

"Kwani nani alikutuma uichome?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Mwaka jana ulisaini."

"Mwaka jana nilifumba macho."

"Basi fumba tena, we Mjerumani. Yanakuuma?"

Babu wa babu yangu ndiye aliyetoka Ujerumani, na mimi mwenyewe sijawahi hata kupanda ndege, lakini kwa Clem sisi akina Schirmer wote tulikuwa Wajerumani. Siku nyingine ningecheka.

"Ukigongwa kwa nyuma litajikunja kama kopo," nilimwambia. "Na wewe umo ndani. Na Noreen yumo ndani."

Aliposikia jina la mkewe alinipa mgongo. Akachukua ufunguo juu ya meza yangu, akaingia garini, akaondoka bila kuaga. Usajili wa gari ulikuwa umebakiza siku nne kuisha, na bila saini yangu usingeongezwa.

Lilikuwa Holden, stesheni wagoni, gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma, rangi ya krimu, alilolinunua jipya mwaka 1971, mwaka aliooa. Wakati huo alikuwa na shamba la ngano na kondoo kaskazini mwa mfereji wa kumwagilia, shamba la baba yake, na mvua zilikuwa nzuri. Binti yao wa pekee, Jillian, aliletwa nyumbani kutoka hospitali ndani ya kapu la nguo juu ya kiti cha nyuma. Humo walibeba mbwa, kondoo wagonjwa, magunia, keki za kanisani, na siku moja jeneza la baba yake Clem, kwa sababu gari la mazishi lilikwama kwenye tope na mzee alikuwa ametaka azikwe siku ya Jumamosi.

Noreen alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Gari lile aliliita mke mwenza. "Usiku huu bwana yuko kwa mwenzangu," alikuwa akituambia, Clem akiwa chini ya boneti tangu mchana. "Ananishinda kwa jambo moja tu huyo. Yeye ukimpiga teke anaondoka."

Halafu ukaja ukame wa miaka saba. Mwaka 2007 shamba lilikwenda. Siku ya mnada kila kitu kilipangwa uwanjani kwa safu, trekta, majembe, mashine za kunyolea kondoo, mpaka sufuria za Noreen. Nilikuwepo, nilinunua mashine ya kuchomelea ya Clem, na sijivunii. Kijana wa dalali alikuwa amebandika namba kwenye kioo cha mbele cha stesheni wagoni. Clem, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua mdomo, alitembea mpaka pale, akaibandua ile karatasi kwa ukucha, polepole, akaikunja akaitia mfukoni.

"Hili si la shamba," alimwambia dalali. "Hili ni la kwetu."

Dalali alitazama umati, umati ukatazama chini. Gari likarukwa.

Walihamia nyumba ndogo nyuma ya ukumbi wa kanisa. Kadiri miaka ilivyopita, gari lilizidi kuchakaa na Clem alizidi kuling'ang'ania. Rangi ilikufa, ukipitisha kidole kinatoka cheupe kama umeshika chaki. Sakafu ilitoboka upande wa kushoto, akaiziba kwa kibao cha alama ya barabarani, kile cha kuonya kona. Mlango wa abiria wa mbele ulikuwa haufunguki kwa ndani. Noreen alikuwa akingoja kwenye kiti, mikono mapajani, mpaka Clem azunguke amfungulie. "Malkia hajifungulii mlango," alikuwa akisema. Nilimwambia Clem mara nyingi alete nitengeneze, ni kazi ya nusu saa. Hakuleta. Nafikiri alipenda kumzungukia.

Akili ya Noreen ilianza kupotea alipofika miaka sabini na moja. Kwanza majina, halafu jiko, halafu nyumba yenyewe. Siku aliyokutwa kwenye reli na nguo ya kulalia, Jillian alikuja kutoka Albury, anakofundisha shule, akamweka mama yake kwenye nyumba ya wazee katika mji mkubwa, kilomita arobaini kutoka kwetu. Clem hakubisha. Ila kila Jumanne, Alhamisi na Jumapili alikwenda kumchukua na gari, akamzungusha saa moja, akamrudisha.

Na kweli, ndani ya gari lile Noreen alikuwa mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilimwona. Nyumbani kwa wazee alikuwa akimwita Clem "bwana yule." Akishakaa kwenye kiti chake, juu ya ngozi ya kondoo, akanusa ile harufu ya vumbi na petroli, alikuwa anamgeukia na kumwambia, "Clem, umefunga geti?" Clem alikuwa amejibu "Nimelifunga" mara elfu.

Jillian alimtaka baba yake achukue gari lake dogo, lenye kiyoyozi, yeye Jillian anunue jingine. Clem alikataa. Alimwambia, akatuambia na sisi, kwamba Noreen hapandi gari jingine. Anapiga kelele, anakwaruza vioo. Jillian alikuwa amewahi kusikia kutoka kwa wauguzi kwamba mama yake alipiga kelele kwenye basi la nyumba ya wazee, kwa hiyo aliamini. Wote tuliamini. Ndiyo maana kila Novemba nilikuwa nasaini.

Mwaka ule nilikataa. Nilidhani nimemwokoa.

Wiki mbili baadaye, nikiwa juu ya ngazi natengeneza paa la gereji, niliona vumbi kwenye barabara ya changarawe inayofuata mfereji. Barabara ile haina mtu siku hizi; mashamba karibu yote ya kule yamenunuliwa na kampuni moja na nyumba nyingi ziko tupu. Vumbi lilikuwa linakwenda taratibu, kilomita hamsini kwa saa, mwendo wa Clem. Nilijua mara moja. Gari halina usajili, barabara ya lami ina polisi, basi anazunguka kwa nyuma. Nilishuka kwenye ngazi, nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa Desemba alikuja kwa miguu, ameshika kipande cha mpira wa maji wa rejeta.

"Unao kama huu?"

"Sina. Nikiagiza, wiki moja. Clem, lile gari unaliendesha?"

"Nalipasha moto tu injini. Gari likikaa linakufa."

"Unalipashia barabarani?"

"Mjerumani, una mpira au huna?"

Kweli sikuwa nao. Ila nilikwenda naye mpaka kwenye banda lake, nikakata sehemu iliyopasuka, nikaunga, nikazungushia utepe wa gundi na vibana viwili. Nilimwambia hiyo ni ya dharura. Nikamwambia naagiza mpya. Niliagiza. Krismasi ikaingia kati, na mpya haukuja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya tatu ya Januari. Joto lilikuwa limeshapita nyuzi arobaini kwa siku nane mfululizo. Ndege walikuwa wanaanguka kutoka kwenye miti. Muuguzi wa zamu alimwambia Clem mlangoni, "Mzee, leo joto litafika arobaini na tano. Mwache apumzike humu ndani kwenye ubaridi."

"Tunazunguka kidogo tu. Vioo viko wazi, upepo upo."

Saa nne asubuhi walitoka. Alishika njia ya mfereji, kuelekea lilikokuwa shamba lao. Kabla ya saa tano gari lilichemsha. Mpira niliouunga ulikuwa umepasuka palepale nilipouunga.

Mahali pale hapana mti. Mfereji ulikuwa mkavu kwa mwaka wa pili, na simu haishiki, na hata ingeshika, simu ya Clem ilikuwa jikoni kwake inachajiwa. Alijua kuna nyumba yenye watu kilomita nne mbele, kwa akina Lindner. Alifikiri kumwacha Noreen chini kwenye kivuli cha gari, lakini Noreen alikuwa hatulii, angeondoka, angepotea. Kwa hiyo alimkalisha kwenye kiti chake, akashusha vioo vyote, akamfunga mlango.

"Ngoja hapa, mke wangu. Nakwenda kuita mtu."

"Umefunga geti?"

"Nimelifunga."

Akaanza kutembea. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Saa nane mchana Troy Lindner, aliyekuwa na pikipiki anakagua maji ya kondoo, alimkuta amelala kando ya njia, kofia imetoka, midomo imepasuka. Clem alikuwa hasemi ila neno moja. "Gari," alisema. "Gari. Gari."

Troy ni mtu mwema. Alikulia hapahapa, na kama sisi wote, alimjua Clem kwa gari lake. Alimvuta kwenye kivuli cha tangi la maji, akamlowesha kichwa, akamnywesha.

"Gari," alisema Clem, akamshika shati.

"Gari lipo salama, mzee. Hakuna mtu wa kuliiba hilo. Tutalifuata jioni."

"Gari..."

"We tulia. Umenusurika kufa bado unaulizia gari? Tulia, nakwenda kuita ambulansi."

Alirudi mbio nyumbani kwake, akapiga simu. Ambulansi ikaja ikamchukua Clem. Aliwaambia na wale, mpaka alipozimia: gari, gari. Na Troy akawaeleza, huku akitabasamu kwa huzuni, "Ni gari lake la zamani. Analipenda kuliko kitu chochote."

Saa tisa na nusu nyumba ya wazee ilinipigia simu mimi, kwa sababu namba yangu ya gereji ilikuwa kwenye fomu za Clem, kuuliza kama nimewaona, maana mama hajarudishwa kwa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshasikia kwamba Clem kaokotwa. Kaokotwa peke yake, na hakuna aliyemtaja Noreen.

Sikukata hata simu. Nilichukua lori langu la kuvutia magari, nikapita njia ya mfereji kwa mwendo ambao lori lile halijawahi kwenda. Niliona gari kwa mbali, krimu juu ya wekundu wa udongo, boneti imeinuliwa. Nilizunguka upande wa Noreen nikamfungulia. Alikuwa amekaa vizuri, mikono mapajani. Alikuwa amevua kiatu kimoja. Bati la mlango liliniunguza vidole, alama ninayo. Nilimtoa nikamlaza kwenye lori, nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho, nikampa maji yakamwagikia kifuani. Nilijua hayana kazi. Nilimwendesha mpaka kwa akina Lindner nikiongea naye njia nzima, sijui nini.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika mwezi wa Juni, kwenye mahakama ya mji mkubwa. Mimi niliulizwa kuhusu chesisi, kuhusu mpira wa rejeta, na kama nilijua gari linaendeshwa. Nilisema ndiyo. Troy alilia kizimbani mpaka akapewa muda. Jillian alikaa safu ya mbele, mgongo umenyooka, hamtazami baba yake.

Clem alikuwa amekonda, koti la suti limemwanguka mabegani. Mchunguzi alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, hakuwa mkali hata kidogo.

"Bwana Trezise, mlikuwa na maji kwenye gari?"

"Galoni. Lita tano."

"Uliyafanyia nini?"

"Gari lilipochemsha niliyatia kwenye rejeta."

"Yote?"

"Nilimpa Noreen kikombe kwanza. Mengine niliyatia. Yalikuwa yanatokea chini, kwenye mpasuko. Niliyaona yanatoka. Niliendelea kutia."

Mchunguzi aliandika kitu.

"Binti yako ameeleza kwamba alikupa gari lake, ukalikataa kwa sababu mama hawezi kupanda gari jingine. Ni kweli?"

Hakuna aliyekuwa na shaka na jambo lile. Ndilo lililokuwa utetezi wake wote, na mwanasheria aliyepewa alikuwa amemjengea hapo. Angesema neno moja tu, ndiyo, na sisi wote tungetikisa vichwa kwa kumwonea huruma. Clem alitazama mikono yake muda mrefu.

"Alipiga kelele kwenye basi," alisema. "Mara moja. Kulikuwa na watu wengi."

"Na kwenye gari la binti yako?"

"Jillian alikuwa ameacha funguo mezani wakati wa Pasaka, yeye kalala. Nilimchukua Noreen na gari lile. Mara mbili."

"Ikawaje?"

"Alipanda."

"Alipiga kelele?"

"Hapana. Alisema kuna ubaridi mzuri. Alisinzia."

"Sasa kwa nini, Bwana Trezise?"

"Hakuniita jina langu," alisema Clem. "Humo hakujua mimi ni nani. Kwenye letu alikuwa anajua."

Jillian alinyanyuka akatoka nje. Viatu vyake vilisikika korido nzima.

Hakufungwa. Alitozwa faini kwa kuendesha gari lisilosajiliwa, akanyang'anywa leseni, na mchunguzi akaandika kwamba kifo kilitokana na joto, kwa ajali, na kwamba wengi walikuwa na nafasi ya kukizuia. Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma mara nyingi.

Gari lilikuwa kwenye uwanja wangu, polisi walikuwa wamelitelekeza hapo. Baada ya mahakama Clem alianza kuja. Kila asubuhi anatembea kutoka nyumbani kwake, ananisalimia kwa kichwa, anaingia garini, anakaa kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Saa moja, saa mbili. Nilikuwa nampelekea chai. Siku moja alisema, "Harufu yake bado imo," nikarudi ndani nikawasha mashine ya kupiga hewa ili nisisikie zaidi.

Jillian alijua. Alinipigia simu mwezi wa Septemba.

"Bado anakuja?"

"Anakuja."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Kaburini hajawahi kwenda, unajua? Tangu tumzike mama. Hata siku moja." Nilisikia anavuta pumzi. "Anakwenda kwenye gari."

Niliwaza wiki nzima. Mwezi wa Oktoba Clem alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, siku tatu, nilimwita mtu wa vyuma chakavu. Hakuna aliyenituma. Jillian hakuniomba. Nilitoa petroli, nilitoa betri, nikatoa ile ngozi ya kondoo, nikaiosha, halafu nikajuta kuiosha. Lori lilikuja na makucha yake ya chuma, likalishika gari juu ya paa, na paa likabonyea bila kelele. Lile gari lililobeba kila kitu, lilinyanyuka jepesi kama sanduku tupu. Kutu ilimwagika kama pumba.

Clem alikuja siku ya nne, jicho limefungwa bandeji. Alisimama mbele ya mahali lilipokuwa. Udongo pale ulikuwa mweusi kwa oili.

"Lini?" aliuliza.

"Juzi."

"Ulitoa petroli kwanza?"

"Nilitoa."

"Vizuri. Watu huwa wanasahau." Akaugusa ule udongo mweusi kwa ncha ya kiatu. "Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"La."

"Ndiyo maana."

Alinitazama kwa jicho lake moja, na nikangoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Nilimpa ile ngozi ya kondoo. Aliinusa, akainusa tena, akanirudishia.

"Umeifua," alisema, akaondoka.

Hajawahi kukanyaga tena gerejini kwangu. Tukikutana dukani ananiita Schirmer, jina la ukoo, kama tunavyoitana na watu wa mbali. Nimewahi kumwambia samahani, pale kwenye foleni ya mkate, akaniambia, "Ulifanya kazi yako." Sijui alikuwa anasema kazi ipi, ya Novemba au ya Oktoba.

Jillian alimaliza karibu mwaka bila kusema naye. Halafu siku moja alikuja. Sasa anakuja Jumapili moja na kuacha moja, anaegesha gari lake dogo mbele ya nyumba ya baba yake, anapiga honi mara moja. Clem anatoka na kofia. Wanakwenda makaburini, wanakaa robo saa, wanarudi. Wanapita mbele ya gereji yangu kwenda na kurudi, kwa hiyo nawaona. Jillian anaendesha, macho mbele. Kiti cha pembeni yake, upande aliokuwa akikaa Noreen, kiko wazi, na Clem amekaa nyuma.